Picha za kanga zikipunguzwa kwenye tovuti, maandishi mekundu yanavuja rangi. Namba ya ubora niweke ngapi?

#1 BintiDoti

Wakuu habari. Nina kaduka ka kanga na vitenge mtandaoni, tovuti ni ya WordPress na plagini yake ya duka, WooCommerce. Picha napiga mwenyewe kwa simu, natandika kanga kitandani saa nne asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Kwenye simu picha inakata, unaona hadi uzi ulivyofumwa. Nikiipandisha kwenye tovuti, faili kubwa ukilifungua lenyewe halina neno. Tatizo ni zile zinazopunguzwa na tovuti yenyewe, hasa ya upana wa pikseli 600 inayokaa kwenye ukurasa wa bidhaa.

Kanga inayonitesa ina mji mweusi na jina la herufi nyekundu, "Mdhaniaye ndiye siye". Kwenye picha iliyopunguzwa, kila herufi ina ukungu mwekundu pembeni, kama wino ulioingia maji. Kanga nyingine, pindo lile lile ila jina ni jeupe, iko safi kabisa. Wiki iliyopita mteja kaniuliza kama hiyo nyekundu imeshachuja kabla hata haijafuliwa. Niliumia.

Nikasoma kwamba kuna namba ya ubora ya kubania picha, nikaweka hii kwenye functions.php, faili la kodi la thimu (muundo wa tovuti):

`add_filter( 'wp_editor_set_quality', fn() => 95 );`

Hakuna kilichobadilika hata chembe. Wateja wangu wengi wanaingia kwa bando, kwa hiyo sitaki ukurasa wa megabaiti tano. Niweke ngapi? Au nimekosea pa kuweka?

#2 Chai_Maharage

Nimekaa siti ya mbele nasubiri mafundi. Ila jina la kanga limeshakujibu: unayemdhania siye.

#3 FundiRasi

Dada, WordPress inabana picha kwa asilimia 80 tangu toleo la 5. Weka 100 umalize kazi. Bando ni shida ya mteja, wewe unauza rangi.

#4 MpembaWaKodi

Rasi, matatu umekosa kwa pumzi moja.

Ni 82, si 80. Ilishuka kutoka 90 kwenye toleo la 4.5, Aprili 2016, miaka miwili na ushei kabla ya hilo la 5. Na si asilimia. 82 haina maana kwamba umebakiza sehemu 82 za picha na kutupa 18. JPEG, aina ya faili la picha zako, inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande kinageuzwa kuwa mawimbi, halafu namba ya ubora ndiyo inayoamua mawimbi madogo madogo yakwanguliwe kiasi gani. Ndiyo maana 80 ya programu hii si lazima iwe 80 ya ile. Photoshop wana kipimo chao cha 0 mpaka 12, huwezi kukilinganisha na hiki hata kidogo.

Kuhusu 100: utapata faili zito na jicho halitaona tofauti na 92. Nishaona picha iliyopunguzwa ikiwa na kilobaiti nyingi kuliko mama yake, kwa sababu mama alibanwa kwa 75 na mtoto kabanwa kwa 100.

BintiDoti, swali moja kabla ya yote. Baada ya kuweka kodi, ulizizalisha upya picha za zamani? Kodi hiyo haigusi kilichokwisha kukatwa. Inafanya kazi kwa picha zinazopanda kuanzia hapo. Tumia plagini ya Regenerate Thumbnails, au kama una njia ya kuingia kwenye seva, `wp media regenerate`.

#5 BintiDoti

Asante Mpemba. Hilo la kuzalisha upya sikulijua. Lakini ile ya "Mdhaniaye" niliipandisha upya kwa jina jipya la faili baada ya kuweka kodi, na ukungu upo vile vile. Uzito nao haukubadilika: 71 KB kabla, 71 KB baada.

#6 Njoro254

Sasa hiyo ya uzito kubaki 71 ni kitu. Lakini wacha niulize tofauti: picha ilifikaje kwa kompyuta?

Nilikuwa na mteja Eldoret, anauza viatu. Kila wiki analia picha zake ni mbaya, nabadilisha namba, 82, 90, 95, wapi. Siku moja nikaenda dukani kwake. Nikakuta anapiga picha na simu, anajitumia kwa WhatsApp, anazidownload kwa laptop, ndio anapandisha. Picha ya pikseli 4000 inafika ikiwa 1600 na imebanwa tayari. Halafu WordPress inaibana tena. Nguo iliyopigwa pasi mara mbili na chuma moto. Tangu hapo anatuma kama hati, si kama picha, na hajanipigia tena. Hata hela yangu hajanipigia kunitumia.

#7 BintiDoti

😂😂 pole na hela. Mimi natumia waya kutoka simu hadi kompyuta. Japo... zile za vitenge anazipiga mdogo wangu Tanga, na hizo zinakuja kwa WhatsApp. Hii ya "Mdhaniaye" ni ya waya, nina uhakika.

#8 Njoro254

Basi kwa hii nimekosa. Kwa vitenge utanikumbuka.

#9 MzeeWaPikseli

Samahani kuchelewa, nilikuwa kazini. Nimefanya kazi ya kuchapa mabango miaka mingi na ugonjwa huu naujua kwa sura. Dalili ipo kwenye post ya kwanza na nyote mmeiruka: herufi nyeupe safi, herufi nyekundu zina ukungu. Ingekuwa kubanwa tu kupita kiasi, zote mbili zingeumia.

JPEG haihifadhi picha kama nyekundu, kijani na bluu. Inaitenganisha: tabaka moja la mwanga, yaani wapi peupe wapi peusi, na matabaka mawili ya rangi. Jicho la mtu ni hodari wa mwanga, kwa rangi ni goigoi. Kwa hiyo wakati wa kubana, matabaka ya rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa picha ya uso, ya shamba, ya ubwabwa, huoni kitu. Herufi nyeupe juu ya weusi nazo zinapona kwa sababu tofauti yao iko kwenye mwanga. Lakini nyekundu juu ya nyeusi, mwanga wake unakaribiana, tofauti kubwa iko kwenye rangi. Na rangi ndiyo iliyokatwa. Ukungu unaoona ni ile rangi moja iliyogawanwa na pikseli nne ukingoni mwa herufi.

Vuta picha uone. Weka zumu 400 kwenye herufi ya M ya "Mdhaniaye". Utakuta ngazi ngazi nyekundu zenye upana wa pikseli mbili mbili.

Sasa njoo kwenye namba. ImageMagick, programu ya kukata picha ambayo WordPress huitumia kama seva inayo, ina tabia moja: ubora ukiwa 90 au zaidi haikati rangi. Ukishuka chini ya 90, inakata. Sasa angalia tena tarehe aliyotoa Mpemba. Kabla ya 2016 WordPress ilikuwa kwenye 90, kwenye kizingiti kabisa. Ilipohamia 82, picha zikawa nyepesi, wengi wakafurahi, na sisi wenye maandishi mekundu tukaachwa mataani.

Kwa hiyo jibu langu: 90. Si 89, si 100.

#10 Chai_Maharage

Mzee umeongea hadi nimeacha maharage yameungua.

#11 FundiRasi

Sawa Mzee, ila yeye kaweka 95 na hakuna kilichobadilika. 95 si iko juu ya 90? Nadharia yako imekwama mlangoni.

#12 MpembaWaKodi

Rasi hapo kweli. Na ile 71 KB isiyosogea inaniambia namba ya 95 haikufika kabisa.

Nadhani najua. Kuna vichujio viwili, yaani milango ambayo kodi hupitia kubadilisha namba hiyo. Kimoja `wp_editor_set_quality`, cha aina zote za picha. Kingine `jpeg_quality`, kikongwe zaidi. WordPress ikishika JPEG, inapitia cha kwanza halafu inapitia cha pili, na wa mwisho kusema ndiye anayesikilizwa. Kama thimu yako au plagini ina `jpeg_quality` yenye namba yake, 95 yako inaingia sikio hili inatokea lile.

Ingia kwenye folda ya thimu, tafuta neno jpeg_quality kwenye mafaili yote. Tafuta na kwenye plagini. Ukiipata usiifute, sasisho lijalo litairudisha. Ipandie juu kwa kipaumbele kikubwa:

`add_filter( 'jpeg_quality', fn() => 90, 999 );`

Halafu zalisha upya. Na ukague kwa dirisha la siri la brauza, maana jina la faili ni lile lile na kache itakuonyesha picha ya jana.

#13 KobeMwendo

Kwa heshima zote, mnatibu mguu na jino ndilo linalouma.

Ukurasa wa bidhaa wa WooCommerce kwa kawaida unaonyesha picha ya upana wa 600, na kwenye orodha 300. Simu nyingi za siku hizi kioo kina pikseli mara mbili au tatu ya zile ambazo tovuti inahesabu. Upana wa 360 wa tovuti ni 1080 za kioo. Picha ya 600 inanyooshwa ijaze 1080, lazima iwe na ukungu, hata ungeibana kwa 100. Tangu toleo la 4.4 WordPress inaipa brauza orodha ya saizi ichague inayofaa, lakini huchagua kati ya zilizopo na zenye uwiano ule ule. Ukiwa umekata mraba wa 600, na hakuna mraba mwingine mkubwa zaidi, itachukua hiyo hiyo.

Ongeza saizi iwe 1000 na ubora ushushe uwe 70. Picha kubwa iliyobanwa sana huonekana nzuri kuliko ndogo iliyobanwa kidogo. Nimefanya hivi kwenye tovuti ya nyumba za kupanga na sijawahi kujuta.

#14 MzeeWaPikseli

Kobe, kwa nyumba sawa. Nyumba haina jina la kanga. Na kama tatizo ni kunyoosha, mbona jina jeupe halina ukungu?

#15 KobeMwendo

Lina ukungu, ila jeupe linasamehe. Mwambie aweke picha zote mbili tuone.

#16 BintiDoti

Picha nitaweka jioni, umeme umekatika na kompyuta imekufa chaji.

#17 Dada_wa_Maskati

Hodi jamvini. Mie sijui kodi, nanunua tu. Niko Maskati, kanga naagiza huku huku mtandaoni kutoka nyumbani. Kero yangu mimi si ukungu, ni rangi yenyewe. Niliagiza doti ya zambarau, duka jingine siyo la BintiDoti, ikaja ya kibuluu. Muuzaji akaapa kwamba kwenye simu yake ni zambarau. Hilo nalo ni namba ya ubora?

#18 MpembaWaKodi

Hapana dada, hilo ni jingine. Simu za iPhone tangu namba 7 hupiga kwenye uwanja mpana wa rangi uitwao Display P3, na ndani ya faili wanaweka karatasi inayosema "nisome hivi". Kama seva inakata picha kwa programu ya GD badala ya Imagick (ndiyo ImageMagick ya Mzee), karatasi ile inapotea. Brauza inaisoma picha kama ya kawaida na rangi zinapauka. Namba ya ubora hata uiweke 100 haitasaidia.

BintiDoti umeme ukirudi, nenda Tools, Site Health, Info, fungua sehemu ya Media Handling. Utaona uko Imagick au GD.

#19 FundiRasi

Au muuzaji alimtumia kibuluu kwa sababu zambarau ilikwisha. Si kila kitu ni kodi jamani.

#20 Dada_wa_Maskati

😂 Hilo na mie nililifikiria.

#21 Njoro254

Pia msisahau mteja anatumia brauza gani. Wenye Opera Mini ya kubana data wanapata picha iliyobanwa tena njiani kabla haifiki kwa simu. Unaweza kuhangaika na 90 yako na mtu wa mwisho asiione. Tuliwahi kubishana wiki nzima ofisini, kumbe bosi alikuwa anaangalia tovuti na hiyo, picha ameiweka kwa kiwango cha chini kabisa kuokoa bundles.

#22 BintiDoti

Umeme umerudi. Ripoti:

Mpemba, upewe maua yako. Kwenye thimu, faili la tatu nililofungua, kuna `jpeg_quality` inarudisha 70. Sitaitaja thimu, nimeilipia na bado nina hasira. Nimeweka ile ya 999.

Site Health inasema Imagick.

Nimejaribu "Mdhaniaye" ile ile ya 600. Kwa 70 ilikuwa 71 KB. Kwa 82 ikawa 94, ukungu upo. Kwa 89 ikawa 121, ukungu bado upo. Kwa 90 ikaruka hadi 158, na herufi zimekaa! Nimevuta zumu 400 kama Mzee alivyosema, zile ngazi nyekundu hazipo. Kwa 100 ikawa 390 na sioni tofauti yoyote na 90.

Lakini. Nimemwonyesha shangazi kwenye simu yake, kioo kikubwa, anasema bado haisomeki vizuri. Na kwenye simu yangu inasomeka. Na kanga moja ya pindo bluu lenye jina jekundu nayo haijapona hata kwa 90.

#23 MzeeWaPikseli

Kutoka 121 hadi 158 kwa hatua moja ya namba. Hiyo ndiyo rangi iliyokuwa inakatwa, imerudi. Mimi nimemaliza.

#24 KobeMwendo

Hujamaliza Mzee. Shangazi ana kioo kikubwa, picha ni ya 600, inanyooshwa. Nilisema.

#25 Njoro254

Na hiyo ya bluu ilikuja kwa waya ama kwa WhatsApp? Sema ukweli.

#26 BintiDoti

...WhatsApp. Ilipigwa Tanga.

#27 Njoro254

Nilisema utanikumbuka. Rangi iliyokatwa Tanga huwezi kuirudishia Dar. 90 yako inahifadhi vizuri sana kitu ambacho tayari kimeharibika.

#28 Mwanafunzi_Wa_Mtandao

Mbona mnahangaika na JPEG mwaka huu? Hamieni WebP, aina nyingine ya faili la picha. WordPress inaipokea tangu 5.8, ubora wake wa kawaida ni 86, faili jepesi zaidi. Kesi imefungwa.

#29 MzeeWaPikseli

Kijana, kesi ndiyo kwanza unaifungua upya. WebP ya kawaida, ile inayopoteza, inakata rangi nusu siku zote. Hakuna kizingiti cha 90 humo. Weka hata 99, matabaka ya rangi yanakatwa tu. Kwa kanga ya jina jeupe nenda WebP bila wasiwasi. Kwa "Mdhaniaye" utarudi hapa unalia.

#30 Mwanafunzi_Wa_Mtandao

Duh. Basi PNG?

#31 MpembaWaKodi

PNG haipotezi kitu, namba ya ubora haiihusu, lakini picha ya kitambaa chenye nakshi ya 600 utaikuta karibu megabaiti. Zidisha kwa bidhaa 24 kwenye ukurasa. Bando la mteja litaisha kabla hajafika kwenye bei. AVIF inaweza kubeba rangi nzima bila kuikata, na WordPress inaipokea tangu 6.5, ila hostingi nyingi za bei nafuu Imagick yao haijaijua bado.

#32 FundiRasi

Kwangu mimi tovuti nzima iko 82 na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

#33 Chai_Maharage

Unauza nini Rasi?

#34 FundiRasi

Matofali.

#35 Chai_Maharage

😂😂😂 nimelala.

#36 KobeMwendo

BintiDoti jaribu basi na yangu uone: mraba wa 1000, ubora 70, kwa kanga ya jina jeupe. Halafu mraba wa 1000 kwa 90 kwa ile nyekundu. Utuletee kilobaiti. Mimi naamini ukiwa na pikseli za kutosha hata rangi iliyokatwa nusu inabaki ya kutosha.

#37 MzeeWaPikseli

Hilo la mwisho sikubali moja kwa moja, ila akijaribu mtu nitasoma.

#38 BintiDoti

Nimejaribu ya jeupe: 1000 kwa 70 ni 163 KB, na shangazi kaisoma bila miwani. Nyekundu kwa 1000 na 90 ni 370 KB, nzuri sana lakini nzito, roho inasita. Nyekundu 1000 kwa 82 ni 235 KB, na hapa sijui niseme nini: nikivuta zumu ukungu upo, nikiitazama kawaida kwenye simu siuoni. Mdogo wangu anasema anauona, mimi sioni. Kila mmoja ashike lake.

Vitenge vya Tanga nimemwambia atume kama hati kuanzia leo. Kanijibu "bando".

#39 Dada_wa_Maskati

Mie hiyo "Mdhaniaye" nimeipenda hata na ukungu wake. Doti bei gani mpaka Maskati?

#40 BintiDoti

Njoo inbox dada. Na nyekundu yake haichuji, nimeifua mwenyewe.